DOKTA, BADO MOJA!

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi. Mitihani ya majaribio na foleni ya kusaini bumu vilinibana mpaka mshkaji mmoja akaniuliza kafeteria, "vipi, umeacha kuandika?" Sijaacha. Leo nimekuja na jambo moja tu, na naomba radhi mapema: ni refu, na nimeliandika kwa hasira.

Jambo lenyewe ni hawa watu wanaopasuliwa hospitali, wanashonwa, wanarudishwa wodini, kumbe tumboni wameachiwa kitambaa. Au mkasi. Au koleo. Wanaruhusiwa na kwenda nyumbani na mali ya hospitali ambayo hawakuiomba wala hawajui kama wanayo.

Nianze na lugha, maana mimi ni mtu wa Kiswahili na siwezi kujizuia. Madaktari wana jina la kitaalamu la kitambaa cha pamba kilichosahaulika mwilini, wanakiita gossypiboma. Ukisoma majarida yao utakuta wanaeleza asili ya jina hilo: gossypium ni Kilatini, maana yake pamba, na boma ni... KISWAHILI! Eti boma kwa Kiswahili maana yake ni mahali pa kujificha. Jarida baada ya jarida wanadesa vile vile. Jamani, nani kawaambia? Boma tunalolijua sisi ni zizi lenye ua wa miiba, au jengo la Mjerumani kama lile la Bagamoyo, au siku hizi yale maboma ya zahanati ambayo wananchi wamejenga mpaka kwenye lenta, wanasubiri serikali iezeke. Hakuna boma la kujificha hapo. Boma linajengwa ili kila mtu alione!

Lakini baada ya kucheka nikakaa nikafikiri. Pamba haiyeyuki mwilini. Mwili ukiikuta, huwa ni moja kati ya mawili. Ama unapigana nayo: homa, usaha, mshono hauponi, na tatizo linajulikana ndani ya siku au wiki chache. Ama unaizungushia ukuta wa nyama ngumu na kuifungia humo, kimya kabisa, miezi hata miaka, mpaka siku moja inaonekana kwenye kipimo kama uvimbe. Wakati mwingine inatoboa utumbo na kuingia ndani yake. Kwa hiyo boma kweli lipo, anajengewa mgonjwa na mwili wake mwenyewe. Sisi kazi yetu imekuwa kujificha nyuma yake.

Kwa nini nasema kujificha? Nina mama yangu mdogo, mtoto wa pili alimpata kwa upasuaji. Hospitali siitaji na mkoa siutaji. Baada ya pale tumbo halikumwacha. Zahanati wakasema ni typhoid. Duka la dawa wakasema ni U.T.I. Hospitali ya pili wakasema vidonda vya tumbo, akanywa dawa mpaka akachoka. Uzito ukaanza kushuka, na mnajua kwetu mtu akikonda maneno yanaanzia wapi. Wengine wakasema "ule ugonjwa". Wengine wakasema karogwa. Na mchawi akapatikana haraka sana: bibi mmoja jirani, mjane, ambaye kosa lake lilikuwa kuja kumwona mtoto siku ya tatu na kumpakata. Yule bibi alinyimwa salamu karibu miaka miwili. Watoto walikatazwa kupita uani kwake. Hatimaye altrasaundi ikaonyesha uvimbe, mama mdogo akapasuliwa tena, na "uvimbe" wenyewe ukawa kitambaa cha hospitali.

Sasa sikilizeni kilichoniudhi kuliko yote. Karatasi ya kumruhusu iliandikwa kwamba uvimbe umeondolewa. Basi! Kitambaa hakikutajwa. Aliyemwambia ukweli ni binti mmoja wa mafunzo ya uuguzi, kwa kunong'ona, tena akamwomba asimtaje. Yaani mtu pekee mwenye ujasiri katika jengo zima alikuwa mwanafunzi, na alilazimika kusema kama mwizi.

Nimelijadili hili na rafiki zangu wanaosomea udaktari, na jibu lao la kwanza huwa lile lile. "Bahati mbaya. Inatokea hata Ulaya." Wengine wanaongeza kwamba watu kama sisi tunachafua fani. Haya, tuongee kuhusu bahati mbaya.

Ni kweli inatokea hata kwa walioendelea. Mwaka 2003 Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston kule Marekani, na wenzake walichapisha uchunguzi wa mafaili ya madai yaliyopelekwa kwa kampuni ya bima ya madaktari ya jimbo la Massachusetts kuanzia 1985 mpaka 2001. Walipata wagonjwa 54 walioachiwa vitu 61. Asilimia 69 ya vitu hivyo vilikuwa vitambaa, vilivyobaki ni vyuma. Wagonjwa 37 ilibidi wapasuliwe tena na mmoja alikufa. Walikadiria tukio moja kwa kila operesheni kati ya 8,801 na 18,760. Chombo kinachosimamia ubora wa hospitali Marekani nacho kilitoa taarifa mwaka 2013: kati ya 2005 na 2012 kilipokea ripoti za matukio 772, na watu 16 walikufa.

Lakini uchunguzi wa 2003 ulionyesha jambo ambalo washkaji wangu hawalitaji. Operesheni ya dharura inaongeza hatari hii karibu mara 9. Operesheni iliyobadilika katikati, daktari alipanga hiki akakuta kile, inaongeza mara 4. Sasa niambieni, bahati mbaya gani hiyo inayochagua mazingira? Kitu kinachorudi kila mara kwenye mazingira yale yale kina sababu, na chenye sababu kinazuilika.

Fikirieni operesheni ya dharura hapa kwetu ni ipi. Ni mama aliyeletwa saa nane usiku, katoka zahanati kwa gari la kuazima, mtoto tumboni kachoka, damu inatoka, na anapigwa nusu kaputi huku wanakimbizana. Kitambaa kikilowa damu kinafanana na kila kitu kilichomo humo ndani. Kwa hiyo tunaposema vitambaa vinasahaulika wakati wa dharura, tunasema kwa lugha nyingine kwamba wanasahauliwa wake zetu, dada zetu na mama zetu wadogo.

Njia ya kuzuia inajulikana, na si ya kisayansi sana. Ni KUHESABU. Thieta inatakiwa kuwa na wauguzi wawili kwa kazi hiyo: mmoja aliyejiosha na kuvaa glavu anayempa daktari vifaa, na mwingine anayezunguka kuleta vitu. Wanahesabu pamoja, kwa sauti, vitambaa, sindano na vyuma, kabla daktari hajakata. Kila kitambaa kinachoongezwa kinaandikwa ubaoni. Wanahesabu tena kabla ya kufunga kiungo kilichopasuliwa, tena kabla ya kufunga tumbo, tena wakati wa kushona ngozi. Hesabu ikigoma, kila kitu kinasimama. Wanatafuta sakafuni, kwenye ndoo, kwenye mashuka, daktari anarudi kutafuta tumboni, na kisipoonekana anapigwa eksirei kabla hajatoka chumbani.

Mtu atasema basi tatizo limekwisha, wafundishwe kuhesabu. Ngoja. Hospitali ya Mayo kule Marekani ilichunguza matukio yake yenyewe ya miaka ya 2003 mpaka 2006, matokeo yakachapishwa 2008. Katika asilimia 62 ya matukio ambayo kitu kilibaki mwilini, hesabu ilikuwa imetangazwa kuwa IMETIMIA. Someni tena hapo. Walihesabu, wakasema imetimia, na kitambaa kikiwa ndani!

Inakuwaje? Vitambaa viwili vilivyolowa vinagandana vinahesabiwa kimoja. Pakiti iliyotakiwa kuwa na 10 ilitoka na 9 au 11. Zamu imebadilika katikati. Anayehesabu kaitwa alete kitu kingine akapoteza hesabu. Hayo ni makosa ya kibinadamu na ndiyo maana wanahesabu mara nyingi. Lakini lipo jingine, na ndilo lililonifanya niandike leo. Anayehesabu ni mdogo kuliko wote chumbani, na anayetaka kufunga tumbo ni mkubwa kuliko wote.

Jiwekeni kwenye viatu vya huyo sista. Tena wacha viatu, vaa na aproni yake. Ni saa tisa na nusu usiku. Daktari kasimama tangu asubuhi, mama mwingine anasubiri koridoni. Wewe una miezi sita kazini. Unahesabu unapata 19, ubao unasema 20. Unahesabu tena, 19. Daktari anakuuliza bila kukutazama, "Imetimia?" Una sekunde mbili. Ukisema "Dokta, bado moja," unasimamisha chumba kizima, na ikitokea kitambaa kimeonekana chini ya meza utaitwa mzembe mpaka ustaafu. Ukisema "imetimia," kila mtu anakwenda kunywa chai. Wangapi kati yetu, kwa malezi haya tuliyolelewa, tungesema bado moja?

Kwamba hapa ndipo penye kazi, si maneno yangu ya kijiweni. Mwaka 2001 hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, daktari Peter Pronovost alitengeneza orodha fupi ya hatua za kufuata wakati wa kumwekea mgonjwa mahututi mpira kwenye mshipa mkubwa. Hatua zenyewe kila daktari alizijua: nawa mikono, safisha ngozi, funika mgonjwa, vaa kofia na glavu. Uongozi ukaongeza jambo moja: wauguzi wakapewa ruhusa rasmi ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Maambukizi ya siku kumi za mwanzo yakashuka kutoka asilimia 11 mpaka sifuri. Sabuni ilikuwepo tangu zamani. Kilichokuwa kigeni ni nesi kumwambia daktari "simama" na uongozi ukasimama upande wa nesi.

Halafu kuna hili ambalo kila Mtanzania angepaswa kulijua na sijui kwa nini halisemwi. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama wa upasuaji, Gawande yule yule akiongoza, ilijaribiwa kwenye hospitali 8 za miji 8 duniani kuanzia Oktoba 2007 mpaka Septemba 2008. Miji yenyewe: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na... IFAKARA! Ndiyo, Ifakara yetu ya Kilombero, Morogoro, hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kabla ya orodha walifuatilia wagonjwa 3,733, baada ya orodha 3,955. Kwa ujumla wa hospitali zote vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 mpaka 7. Matokeo yakachapishwa Januari 2009.

Orodha ina vipengele 19 tu, karatasi moja. Kabla mgonjwa hajatoka chumbani, muuguzi anatakiwa kusema kwa sauti, timu nzima ikisikia, kwamba hesabu ya vyuma, vitambaa na sindano imetimia. Na kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona utoto, kama semina elekezi. Sababu yake ni nzito: mtu aliyekwisha kufungua mdomo mara moja akasikilizwa, si vigumu afungue mara ya pili atakapoona hatari. Sisi walimu watarajiwa tunalijua hili, ndiyo maana siku ya kwanza darasani unawaambia wanafunzi wajitambulishe.

Na kipengele cha kwanza kabisa ni kuhakikisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Mwaka ule ule jaribio linaanza Ifakara, 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishwa: mwenye tatizo la mguu akapasuliwa kichwa, mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa mguu. Wazazi wetu wanaikumbuka habari ile. Dawa yake ilikuwa inajaribiwa mkoani Morogoro.

Sitaki mdhani naamini karatasi inaponya. Auckland, ule mji mwingine wa majaribio, mwaka 2020 mama mmoja alijifungua kwa upasuaji katika hospitali kuu ya mji. Kwa miezi 18 alikuwa na maumivu, akaenda kwa madaktari mara kadhaa. Mwaka 2021 kipimo cha CT kikaonyesha amebaki na kifaa cha plastiki cha kupanua mdomo wa kidonda, upana wa sahani ya chakula! Ilikuwaje? Kifaa hicho hakikuwemo kwenye orodha ya vitu vya kuhesabiwa. Kwa kawaida nusu yake hubaki nje ya tumbo, kwa hiyo waliona hakiwezi kupotea. Bodi ya afya ikajitetea kwanza kwamba hakukuwa na uzembe. Mwaka 2023 kamishna anayesimamia haki za wagonjwa New Zealand akaitupilia mbali hoja hiyo, akasema haki ya mama yule imevunjwa, na ripoti ikawekwa hadharani dunia nzima ikasoma. Hapo ndipo tofauti yetu na wao. Wao kifaa kilibaki, ripoti ikatoka. Kwetu kitambaa kinabaki, na ripoti inabaki nacho.

Kwa muda gani? Vietnam kuna mwanaume alipasuliwa baada ya ajali mwaka 1998, mkasi wa sentimeta 15 ukaja kutolewa tumboni mwake baadaye. Miaka 18! Na hapa kwetu sheria ya ukomo wa muda inakupa miaka 3 kufungua kesi ya madai ya namna hii, labda uthibitishe kwamba ulifichwa kwa hila. Sasa mtu ambaye karatasi yake imeandikwa "uvimbe" atathibitisha nini? Kwa nani?

Najua wapo watakaosoma mpaka hapa na kusema: wafungwe! Daktari afungwe, nesi afukuzwe kazi! Nawaelewa, damu inachemka hata kwangu. Lakini nakataa. Mkimfunga sista mmoja leo, kesho masista mia watajifunza kuandika "uvimbe". Binti yule aliyemnong'oneza mama mdogo naye hatanong'ona tena. Adhabu kali iende kwa anayeficha, anayefuta, anayeandika uongo kwenye faili. Anayesema "tumekosea, tumeacha kitambaa, tunakitoa bure na tunaeleza kilichotokea" alindwe. Huo ndio mpaka ninaoutaka, kati ya kukosea na kuficha. Sasa hivi tunafanya kinyume. Anayesema ndiye anayeumia, anayenyamaza anapanda cheo.

Rafiki yangu mmoja wa udaktari aliniuliza kwa ukali, "Kwa hiyo mgonjwa avuje damu afe sisi tunahesabu matambara?" Swali zuri, na jibu lipo. Damu ikimwagika usihesabu, okoa maisha. Ila andika kwamba hukuhesabu, na mgonjwa akitulia mpige eksirei kabla hujasema amepona. Hapo sasa linakuja suala la pesa. Eksirei inaona kitambaa iwapo tu kimefumwa na uzi maalumu wenye bariamu, unaoonekana kama mstari mweupe. Gozi ya kawaida inayokatwa kwa mkasi kutoka kwenye jora haionekani. Unapiga picha, picha iko safi, unamwambia mama "uko salama," na kitambaa kimelala pale pale. Kwa hiyo anayeagiza gozi isiyo na uzi ili abane bajeti, halafu ikaingia tumboni mwa watu, naye yumo kwenye kosa hili ingawa hajawahi kuingia thieta.

Sasa nije kwetu, wana elimu. Msidhani nimewageukia wa hospitali kwa sababu wako mbali. Kwenye TP mwaka jana, shule niliyopangiwa, mwalimu mmoja mzoefu alikuwa anajumlisha alama za mtihani ubaoni. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani, hapo ni 47 sio 57." Alikuwa sahihi, darasa zima liliona. Alipigishwa magoti mpaka kipindi kikaisha kwa "kumkosea mwalimu adabu". Baada ya pale hakuna aliyenyoosha mkono tena, hata ubao ulipokosewa waziwazi. Wakainakili 57 yao kimya kimya, kwa mwandiko mzuri.

Yule binti anaweza kuwa nesi. Wenzake 40 walioona pia, baadhi yao watakuwa manesi, wahasibu, mafundi wa umeme, marubani. Wote wamefundishwa somo moja siku ile: hesabu sahihi ni ile aliyoandika mkubwa. Tumewafundisha sisi, si chuo cha uuguzi. Chuo cha uuguzi kinawapokea wakiwa tayari wameiva. Halafu miaka kumi baadaye tunashangaa kwamba thieta nzima imekaa kimya!

Watu wataniambia heshima ni mila yetu. Kweli, na mimi ni wa kusema shikamoo mpaka kwa konda. Lakini wazee wetu hao hao walisema mficha uchi hazai. Walijua kuna mahali ambapo kunyamaza kwa adabu kunaua. Mtoto anayemwambia babu yake kwamba kuna nyoka nyuma ya kiti hajamkosea heshima.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, myapinge mkiweza.

Kwanza, muuguzi anayehesabu awe na mamlaka ya kuzuia tumbo lisifungwe, yaandikwe na yabandikwe ukutani, na mganga mkuu ayatie saini. Asiwe anaomba.

Pili, karatasi ya kumruhusu mgonjwa aliyepasuliwa iwe na mstari mmoja: vifaa vilihesabiwa, vilitimia au havikutimia au havikuhesabiwa, na nani alihesabu. Mstari mmoja tu. Hauhitaji mfadhili.

Tatu, gozi isiyo na uzi wa bariamu isiingie thieta. Ikae chumba cha kufungia vidonda.

Nne, anayekutwa na kitambaa aambiwe kwa maneno, aandikiwe kwa jina lake halisi, atolewe bila kulipa hata senti, na miaka ya sheria ianze kuhesabiwa siku aliyoambiwa.

Tano, nawaambia wanafunzi wenzangu wa elimu. Mwezi wa saba tunakwenda tena TP. Kila mmoja wetu siku ya kwanza akosee ubaoni kwa makusudi, asubiri. Atakayenyoosha mkono asifiwe mbele ya darasa zima, kwa jina. Fanya hivyo kila wiki. Utaona wiki ya kwanza wanatazamana, ya pili mmoja anajaribu, ya tatu wanagombania. Mimi nimepanga kuanza Jumatatu ile ile ya kwanza, na atakayenicheka aje kukagua somo langu.

Na nyie ndugu zetu wa udaktari na uuguzi, sina ugomvi na nyie. Mnafanya kazi usiku sisi tumelala. Lakini siku mtakapokuwa mmeshika kisu na kabinti ka miezi sita kazini kakasema kwa sauti ya kutetemeka "Dokta, bado moja," mshukuruni hapo hapo, wote wasikie. Kisha mtafute.

Nawasilisha. Mwenye hoja alete, matusi abaki nayo. Naenda kuwahi maji bafuni kabla hayajakatika.